Kipimo cha Mzee Bakari

Mwezi uliopita walibomoa nyumba ya baba mkwe wangu kule Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Mwenye kiwanja sasa anataka ghorofa, na sina ugomvi naye. Binti yangu Mariamu alikwenda kusimama pale wakati mafundi wakishusha dari, maana mimi nilisema sitaki kuona. Alasiri akarudi kwa miguu kutoka barabara kuu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kwapani kifurushi cha karatasi kilichokutwa ndani ya nyumba. Karatasi ilikuwa imeviringishwa na kufungwa kwa uzi mweusi wa cherehani, fundo lile lile la baba mkwe, marehemu Fundi Sefu, na juu yake, kwa herufi za Kiarabu, limeandikwa jina langu. "Mama, hii ni yako," akasema, akaiweka mezani karibu na birika. Ipo pale hadi leo. Sijaifungua, na anayetaka kunicheka anicheke baada ya kusikia habari za mwaka ule nilipoanza kuujua ulimwengu, nikiwa na miaka kumi na minane, nimekaa mkekani na mtoto mgongoni, nikiwasha pasi ya makaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Chumba cha kushonea kilikuwa cha mbele, mlango wake ukitazama njia ya kwenda sokoni. Baba mkwe alikuwa na cherehani moja ya mguu, meza ya kukatia iliyokula nusu ya chumba, na misumari. Misumari ilizunguka kuta zote juu ya vichwa vyetu, na kwenye kila msumari kilining'inia kifurushi kimoja cha karatasi kilichofungwa kwa uzi mweusi. Hivyo tuliviita vipimo. Mteja akija mara ya kwanza, fundi alimpima kwa kamba, halafu akakata karatasi kwa umbo la mgongo wake, kifua chake na mikono yake, ili nguo zote zitakazofuata zikatwe juu ya karatasi hiyo bila kumsumbua mtu tena. Karatasi yenyewe ilikuwa magazeti. Mume wangu Juma, aliyefanya kazi kwenye malori, aliyaleta kwa mafungu kutoka Goma, magazeti yaliyokwisha kusomwa na makarani na Wazungu, mengine ya Kifaransa, mengine ya Kiswahili yaliyochapwa Kongo. Baba mkwe aliyaunganisha kwa uji mzito wa muhogo mpaka yakawa karatasi moja pana. Kurani aliijua vizuri, lakini herufi za kizungu hakuzijua hata moja. Aliyachagua magazeti kwa vidole, "hii iko na nguvu, hii inapasuka mbio," na kwa miaka mingi alikuwa amekata habari za dunia nzima kwa mkasi bila kujua amekata nini.

Mimi niliweza kuzisoma, polepole, kidole chini ya neno. Nilijifunza wapi si habari ya leo. Kazi yangu ilikuwa kushona vifungo na pindo na kuhakikisha pasi haipoi. Mabaki ya karatasi yaliyoanguka chini ya meza yalikuwa haki yangu, ya kuwashia makaa. Nilianza kuyasoma kabla ya kuyawasha kwa sababu ya upweke tu, maana Juma alikuwa akiondoka wiki mbili, akirudi siku mbili. Nilisoma juu ya meli iliyonaswa na barafu, na mabaharia wake wakitembea juu ya bahari kwa miguu. Nilisoma kwamba upo mji ambao treni zake hupita chini ya ardhi, ila sikujua zinatokea wapi, kwa sababu pale palikuwa pamekatwa kwapa la mtu. Siku nyingine nilipata picha ya mwanamke amevaa miwani mikubwa, ameshika usukani wa ndege, mwanamke kama mimi. Nilibaki nimeishika mpaka mama mkwe akauliza kutoka jikoni kama makaa yamekataa kushika. Mpaka hapo nilikuwa naamini kwamba dunia inakwisha Usumbura upande mmoja na Bukavu upande wa pili, na kwamba wanaoishi mbele ya hapo ni watu wa hadithi. Sasa nilijua kwamba asubuhi ile ile, mimi nikipepea makaa, wapo watu chini ya ardhi wanakwenda kazini. Nilitetemeka kwa kujua hivyo, sioni aibu kusema. Wajukuu wangu wana simu na habari huwafikia kabla hazijapoa, lakini sijawahi kumwona hata mmoja wao akitetemeka.

Mtoto mgongoni alikuwa Mariamu. Alizaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, zikitazamana, kana kwamba anataka kupiga makofi kwa miguu. Mkunga alisema ni kazi ya Mungu na hakuna aliyeuliza zaidi. Mama mkwe, ambaye alinipenda na ambaye nilimwogopa, alimfumia soksi ndefu za sufu zilizofika magotini, na mtoto alizivaa hata jua la mchana likichoma. "We mwanangu, funika miguu ya mutoto," aliniambia kila tukitoka. "Watu iko na macho mubaya. Wakishaona, watasema nyumba ya Sefu iko na laana, na wewe utabeba hiyo jina mpaka kaburini." Nilifunika. Niliamini kwamba tangu dunia iumbwe hajazaliwa mtoto mwingine kama wangu, na kwamba kosa, kama lipo, ni langu. Usiku na mchana nilitafuta kosa hilo ndani ya maisha yangu mafupi na sikulipata, na kutolipata kulinitisha zaidi.

Wiki chache kabla ya Idi, baba mkwe alikata kipimo kipya cha Mzee Bakari. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe, mtu mkubwa wa msikitini na mkubwa wa mwili, na kila mwaka kanzu yake ilihitaji karatasi zaidi. Siku hiyo yaliunganishwa magazeti mengi kuliko siku yoyote, na mabaki yakaanguka kwa wingi. Nilikuwa nimepiga magoti nayakusanya nikaona picha ya miguu ya mtoto. Ilikuwa miguu ya Mariamu. Nilimtazama yeye, nikatazama karatasi. Kando yake ilikuwa picha ya pili, miguu ile ile imenyooka, imesimama sakafuni. Chini yake paliandikwa kwa Kiswahili, na maneno haya nayajua mpaka leo: "Mama, ikiwa mtoto wako amezaliwa na miguu ya kupinda namna hii, usikate tamaa. Inaweza kunyooshwa bila kukatwa, ikiwa mtoto ataletwa kwa daktari kabla ya." Hapo mkasi ulikuwa umepinda kufuata bega la Mzee Bakari, na maneno yakaisha.

Kabla ya nini? Mariamu alikuwa na miezi minane. Nilipekua mabaki yote, nikapata kipande kingine chenye herufi za ukubwa ule ule na mstari unaoanza, "mvua kubwa kunyesha, la sivyo itaoza." Nikaviweka pamoja, vikasomeka. Kwa siku nne niliishi nikiamini kwamba miguu ya mwanangu itaoza mvua zikianza, na kila wingu lililotoka upande wa Mudende nilimfunika mtoto blanketi mbili. Siku ya tano nikageuza kile kipande nikakuta picha ya viazi. Ilikuwa habari ya kuvuna viazi mapema. Leo nacheka, lakini siku ile niliketi kwenye kizingiti cha jiko nikalia mpaka maharagwe yakaungua, na mama mkwe akadhani nimeletewa habari mbaya ya Juma.

Basi nikajikaza nikamwendea baba mkwe, nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu, akaitazama soksi ya Mariamu, akashusha miwani. Nikamwambia sehemu iliyobaki imo ndani ya kipimo cha Mzee Bakari, pale pale msumarini, na nikamwomba anifungulie kwa dakika moja. Baba mkwe alikuwa mtu mpole, ila kwa hilo alikuwa jiwe. Mafundi waliomfundisha kazi walimwapisha kwamba kipimo cha mtu hakionwi na jicho lingine, hakiazimwi, na mwenyewe akifa kinapelekwa kwake siku ya tatu na kuchomwa na watu wake, asije mtu akabaki na umbo la marehemu mikononi. "Kipimo ya mutu ni mwili yake," alisema. "Leo nikufungulie tumbo ya Bakari, kesho nitamufungulia nani kiuno yako we? Hapana, mwanangu. Hata ningekuwa nataka, mukono itakataa." Kumwomba Mzee Bakari mwenyewe? Mkaza mwana wa nyumba ya fundi aende kumwomba mzee wa msikiti amwonyeshe ukubwa wa tumbo lake? Hata katika ndoto nisingethubutu. Nikarudi kwenye vifungo vyangu, nikishona huku macho yakipanda kwenye ule msumari, wa tatu kutoka dirishani. Kila nilichokihitaji duniani kilikuwa juu ya kichwa changu, na ningekifikia kwa kusimama juu ya kigoda. Nilifikiria kukipanda, naapa. Kilichonizuia ni ule mkono wa baba mkwe, jinsi alivyokuwa akigusa kila kifurushi asubuhi kabla ya kuanza kazi, akikiita kwa jina la mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Mariamu alishika mguu wa cherehani, akajivuta, akasimama. Alisimama juu ya kingo za nyayo zake, akanichekea, akaanguka. Na wiki hiyo hiyo Mzee Bakari alianguka msikitini na hakuamka. Baba mkwe alikishusha kifurushi kutoka msumarini kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kitambaa safi, na siku ya tatu, kabla hajatoka, akaniita. "Sasa hii si yangu tena," alisema bila kunitazama. "Iko ya mujane. Ukitaka kuuliza, muulize yeye. Mi nitapeleka, nitaweka mlangoni, sitasema neno." Aliponiambia hivyo nilielewa kwamba alikuwa amebeba jambo langu wiki zote zile, ila alikuwa akilitafutia mlango.

Nyumba ya Mzee Bakari ilijaa wanawake. Chumba cha ndani kilikuwa na mikeka ukuta hadi ukuta, harufu ya ubani na ya chai ya tangawizi, na sufuria kubwa ya mchele iliyokuwa ikipitishwa juu ya vichwa. Mjane, Bi Sauda, alikaa kwenye pembe amevaa nguo nyeupe ya eda, mdogo wa mwili, macho makavu. Mama mkwe alikuwa karibu naye. Mlangoni waliketi wauza samaki wawili watatu wa ziwani, Wakristo waliokuja kutoa pole, viatu wamevishika mkononi. Jiko dogo la makaa liliwekwa katikati, na kifurushi kiliwekwa miguuni mwa Bi Sauda. Aliponyoosha mkono kukifungua ili akitie motoni, nilisikia sauti yangu ikisema, "Bibi, nisamehe, ngoja kidogo." Chumba kizima kiligeuka. Nilimshusha Mariamu mgongoni, nikamlaza mkekani mbele ya mjane, mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya wanawake wote wa Mbugangari, nikamvua soksi moja.

Nikatoa kile kipande cha gazeti kifuani, nikamwonyesha Bi Sauda picha, nikamweleza kwamba maneno yamekatika na yaliyobaki yamo ndani ya mikono yake. Nilimwambia najua ni umbo la mumewe, na kwamba sitatazama kitu kingine. Bi Sauda aliutazama ule mguu. Halafu akasema taratibu, "Bakari alikuwa anaficha tumbo yake miaka yote. Sefu naye anaificha ku musumari. Na sisi wote tulikuwa tunaiona ikipita ku barabara." Mwanamke mmoja akaziba mdomo, mwingine akashindwa, na kicheko kikapita chumbani, kicheko cha watu walio msibani, chenye machozi ndani yake. Mjane naye alicheka, na hapo ndipo macho yake yakalowa. Akavuta ule uzi mweusi. "Soma, mwanangu," alisema. "Lakini soma na sauti. Kama Bakari iko na habari ndani yake, na sisi tusikie."

Kipimo kilifunguka kikafunika mikeka miwili. Namba za mwili wake zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa buluu kando ya kifua na kiuno, na mimi nikaweka kiganja changu juu yake, nikakitembeza kadiri nilivyosoma, ili neno lionekane na namba isionekane. Nilipata lile bega, nikaunganisha kipande changu. Kilikaa sawasawa. Nikasoma, kidole chini ya neno: "Kabla ya kuanza kutembea. Usimfiche. Watoto wa namna hii huzaliwa katika kila nchi, weupe na weusi, kwa matajiri na kwa maskini, na mama zao hawakukosa lolote." Iliendelea kusema kwamba daktari hufunga miguu kwa bandeji ya plasta inayokauka ikawa ngumu, na kuibadilisha kila wiki, na kwamba kazi hiyo inafanyika katika hospitali moja ya Bukavu. Nilisoma mpaka mwisho, lakini akili yangu ilikuwa imebaki nyuma, kwenye maneno "katika kila nchi". Katika ule mji wa treni za chini ya ardhi. Labda hata mwanamke wa ndege alikuwa na dada mwenye mtoto kama huyu. Nilikuwa nimejiona peke yangu chini ya mbingu, na muda wote ule tulikuwa wengi, tumetawanyika dunia nzima, kila mmoja akimfumia mtoto wake soksi. Sijawahi kusikia kitu kikubwa zaidi ya hicho, na nimeishi muda mrefu.

"Rudia ile ya mama zao," alisema mtu. Alikuwa mama mkwe. Nikarudia: mama zao hawakukosa lolote. Hakuniangalia. Aliinama, akakamata mguu wa pili wa Mariamu, akaivua ile soksi aliyoifuma kwa mkono wake, akaikunja akaiweka pembeni.

Hapo mmoja wa wauza samaki, Mama Tereza, akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kumwambia mtu wa karibu tu, "Yewe. Na ku kwetu iko mutoto wa vile. Ya dada yangu. Tunamufichaka mu nyumba nyuma ya nyavu. Iko na miaka mbili." Kisha akaniuliza, "Gazeti inasema nini juu ya miaka mbili?" Nilitafuta. Nilipekua mgongo wote wa Mzee Bakari, mikono yote miwili, nikakuta habari za pamba na za mpira wa miguu. "Haisemi kitu," nilimjibu. Mama Tereza akafikiri. "Bon. Haikusema hapana," alisema.

Bi Sauda alikichoma kipimo siku ile ile, kama desturi ilivyotaka. Hakuna aliyemwomba akiache, hata mimi, maana maneno yalikuwa yameshaingia vichwani mwetu sote. Niliuona moto ukipita kwenye sehemu ya bega na sikusikitika. Siku sita baadaye tulipanda meli ya Bukavu, mimi na Mariamu, Mama Tereza na dada yake na yule mtoto wa kiume, na nguo mbili za kubadilisha. Usiku wa kuamkia safari baba mkwe alinishonea gauni jipya nisionekane mshamba mbele ya daktari. Alinipima kwa kamba, akakata kipimo changu mimi nikiwa nafunga mizigo chumba cha pili, akakitundika msumarini. Tulikaa Bukavu miezi kadhaa. Mariamu aliondoka na nyayo zilizolala chini kama za mtu yeyote. Yule wa dada wa Mama Tereza alichelewa, kwa hiyo anachechemea kidogo, lakini alivua samaki ziwani miaka arobaini na hakuna aliyemweka tena nyuma ya nyavu. Niliporudi nilikuta baba mkwe ana fungu la magazeti mezani, mkasi umelala juu yake. Alikuwa hajakata kitu tangu tuondoke. "Soma kwanza," alisema, "halafu mi nikate." Ikawa hivyo mpaka alipokufa. Wateja walizoea kuja mapema, wakaketi kizingitini kusikia, na nguo zao zikachelewa, na hakuna aliyelalamika sana.

Mara nyingi nimemfikiria yule aliyeandika maneno yale. Aliketi mahali fulani, mji nisioujua, akamwandikia mama asiyemjua. Karatasi zake nyingi zilifungia sabuni na samaki, na moja ikanifikia mimi kupitia bega la mfanyabiashara wa ngozi. Sikupata kumshukuru. Nilichoweza kufanya ni kusoma kwa sauti kila nilichokipata, kwa yeyote aliyekuwa karibu, na nimefanya hivyo mpaka macho yakachoka.

Sasa kifurushi changu kiko mezani karibu na birika. Ni karatasi ya mwisho ambayo Fundi Sefu aliikata bila mimi kuisoma kwanza, na sijui nimebeba habari gani miaka yote hii. Jana Mariamu, ambaye naye sasa ni bibi, aliuliza tukifanyeje. Nilimwambia desturi anaijua: siku yangu ikifika, siku ya tatu, wakichome moto. "Lakini msikimbilie kuchoma," nilimwambia. "Waite watu, hata wa mlangoni. Weka kiganja chako juu ya namba zangu, halafu usome yote kwa sauti, mpaka mwisho."